Mchanga Ndani ya Sufuria

Karaören, 5 Machi 1971

Mdogo wangu Nermin, nuru ya macho yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Nakubusu macho yote mawili. Hujambo huko ugenini? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Sisi wazima, ingawa neno hilo leo naliandika kwa mkono mzito, kwa kuwa telegramu umeshaipata. Mama alitutoka Jumanne, adhuhuri, jua likiwa limewaka juu ya theluji. Hakuteseka. Tumemzika upande wa juu wa makaburi, karibu na wadogo zetu.

Najua utaniuliza kila kitu, basi nakuandikia kila kitu. Alioshwa uani kwetu. Bi Sidika na wenzake wawili ndio waliomwosha. Maji yalichemshwa kwenye sufuria la shughuli, lile kubwa la shaba la kijiji linalokaa ghalani kwetu tangu Baba alipokuwa fundi wa kupaka bati. Walipomaliza wakalifudikiza palepale uani, kama ilivyo ada, likae siku tatu mdomo chini ili mauti yasije yakapata pa kukaa. Jioni ile tukaliingiza ghalani vilevile limefudikizwa, nikafunga kufuli. Ufunguo ninao mimi, kiunoni.

Leo asubuhi, siku ya tatu haijatimia, nimekwenda kuchukua kuni. Sufuria limesimama mdomo juu. Ndani mna maji kama bakuli moja hivi. Nikatia kidole. Vuguvugu, Nermin. Na nje ndoo ya kisima ilikuwa barafu tupu.

Sijamwambia mtu. Nimeyamwaga, nikalifudikiza tena.

Jambo jingine. Maneno ya mwisho ya Mama hayakuwa shahada, Mungu amrehemu. Shahada alikuwa ameshaitoa asubuhi. Alinishika mkono akasema, "Lisugue, Hasibe. Lisugue mpaka chini." Nikamwambia, sawa Mama, nitalisugua. Nilidhani ni homa.

Nakubusu. Usilie peke yako, kaa na wenzako.

Dada yako,
Hasibe

*

Kassel, 15 Machi 1971

Dada yangu mpenzi, wewe uliyebaki mama yangu sasa,

Naubusu mkono wako na mkono wa Baba. Natumaini magoti yako yamepungua kuuma na Baba anakula. Mimi mzima. Kifua kinakuja na kuondoka.

Sikupewa ruhusa ya kuja. Msimamizi wetu alisema mama hafi mara mbili, hata nikifika nimechelewa. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye mashine. Dada, nisamehe. Ulimuaga Mama peke yako, na mimi nilikuwa hapa kiwandani nahesabu sahani za betri.

Sasa hilo sufuria. Wewe, paka akipiga chafya unasoma Kulhuwallahu mara tatu! Umesahau kijiji kizima kinajua ghala letu lina ubao uliolegea nyuma? Nani hajawahi kupita pale tukiwa wadogo? Mtu ameingia kutafuta kuni, akaligusa, akaona haya kusema. Na maji vuguvugu, basi alinawa. Usijitie hofu, una arobaini ya kuandaa.

Lakini hilo la "lisugue" limenikaa kichwani. Mama hakuwahi kuturuhusu tulisugue ndani. Unakumbuka? Nje tulikuwa huru: jivu, chumvi, siki, unga kidogo, mpaka mikono inawasha na shaba inawaka kama tufaha. Ila ndani, kitambaa laini na maji ya moto tu, na mwiko wa mbao. "Ukikwangua bati, sufuria umelivua nguo," alikuwa akisema. Leo iweje aseme lisuguliwe mpaka chini?

Niandikie. Nimekutumia kahawa na soksi za Baba.

Mdogo wako,
Nermin

*

Karaören, 23 Machi 1971

Nermin wangu,

Salamu, na dua zangu zikufikie kabla ya barua. Vipi kifua? Soksi zimefika, Baba kazivaa siku hiyohiyo. Kahawa Bi Sidika kaimaliza nusu akinifariji.

Ubao wa nyuma niliupigilia misumari sita siku ileile niliyopokea barua yako. Sikiliza sasa.

Juzi, baada ya swala ya alasiri, mimi na Bi Sidika tulikuwa uani tunachambua ngano ya bokoboko la arobaini. Jua linawaka, kuku wanapita. Tukasikia kutoka ghalani: shwaa, shwaa, shwaa. Taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Bi Sidika akaniambia, "Una panya wewe."

"Panya gani anayecheza ngoma kwa mpigo?" nikamjibu.

Unaijua sauti ile. Sote tumekulia nayo. Ni sauti ya mtu aliyeingia peku ndani ya sufuria, mchanga na tambara chini ya nyayo, ameshika ukuta, anajipinda kiuno kushoto na kulia ili kulitakasa kabla fundi hajalipaka bati. Mama ndiye alikuwa akimpindia Baba walipozunguka vijijini, tangu kabla hatujazaliwa.

Nilifungua kufuli. Bi Sidika alinishika sketi kwa nyuma kama mtoto. Ghala tupu. Sufuria limesimama mdomo juu. Ndani mna mchanga mbichi wa mtoni, Nermin, na mto wenyewe umeganda. Na katikati ya mchanga kuna alama za miguu miwili. Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo.

Bi Sidika alisema, "La ilaha illallah," akaenda nyumbani kwake bila viatu.

Wewe na mimi tunajua ni mguu wa nani ulioungua na bati la moto mwaka ule, kikakatwa kidole.

Nilimwita Baba. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, unajua, kwa hiyo nilimweleza. Nilitegemea aseme, wewe mwanamke umechanganyikiwa. Nilitegemea aulize ni nani. Hakuuliza. Alikaa mlangoni, hataki kuvuka kizingiti, akaniuliza neno moja tu:

"Limekwanguka mpaka wapi?"

Nikamwambia, chini pamekuwa pekundu, duara kama sahani, pembeni bado. Akapapasa ukuta akarudi ndani. Mpaka leo hajasema lingine. Anakula mkate na chai tu.

Mchanga nimeutoa. Nimelifuta ndani kwa kilemba cheupe cha Mama, maana ndicho kilichokuwa karibu. Kilemba kimegeuka kijivu, kama nimesugua penseli. Nimekifua mara mbili hakitoki.

Arobaini ni Jumapili tarehe 11 Aprili. Kijiji chote kitakula humo. Pale chini penye wekundu nitamtafuta fundi wa mjini apapake bati kidogo, maana chakula kikigusa shaba tupu kinakuwa sumu, hata mtoto anajua. Fundi asipokuja nitapika haraka na kupakua haraka.

Niambie nifanye nini, wewe uliyesoma.

Dada yako,
Hasibe

*

Kassel, 31 Machi 1971

Dada Hasibe,

Naubusu mkono wako. Mzima? Ninaanza moja kwa moja, unisamehe, natafuta kuiwahisha barua hii posta.

Usipike ndani ya hilo sufuria. Hata kama fundi wa mjini atakuja, hata kama ataweka viraka. Usipike.

Hapa kiwandani kila miezi mitatu tunatolewa damu ya kupimwa, kwa sababu tunashika risasi, yale madini laini ya kijivu yanayowekwa kwenye betri. Ikizidi mwilini wanakutoa kwenye mashine. Ina sumu ya polepole. Haikuangushi siku moja. Inaumiza tumbo, inafanya mtu mweupe kama karatasi, mimba za wajawazito zinaharibika, watoto hawakui vizuri wala hawaelewi masomo. Ndiyo maana msichana akipata mimba hapa anahamishwa siku hiyohiyo.

Nilimsomea barua yako mzee mmoja tunayefanya naye kazi, Mgiriki, baba yake alikuwa fundi shaba. Nilidhani atacheka habari za mchanga. Hakucheka, ila habari za mchanga aliziacha. Alirudi kwenye kilemba. "Kijivu?" akauliza. "Kama penseli?" Nikasema ndiyo. Akasema bati safi ukilisugua kwa kitambaa cheupe haliachi rangi. Lililochanganywa na risasi ndilo linalochora. Mafundi wabaya walichanganya kwa sababu bati lilikuwa adimu na risasi ilikuwa rahisi, na kwa macho huwezi kutofautisha, vyote vinang'aa.

Dada, katika Karaören hakuna aliyewahi kupaka bati isipokuwa Baba.

Sasa kaa chini ufikiri nami. Mama alikuwa hali kwenye sherehe. Unakumbuka? Anabeba mkate wake na jibini kwenye leso, na wanawake wanasema mke wa fundi anaringa. Na sisi nyumbani alitupikia kwenye chungu cha udongo, tukiona aibu mbele ya wageni. Mama alizaa mara saba. Mimi na wewe ni wa kabla ya vita. Wale watano waliotufuata, wote wako kule juu.

Sitaki kuandika zaidi. Muulize Baba. Nimenunua bati safi, nitalituma kwa mizigo.

Nermin

*

TELEGRAMU. Kassel, 7 Aprili 1971

HASIBE KARAÖREN. USIPIKE SUFURIA LA SHUGHULI. BARUA NJIANI. NERMIN

*

Karaören, 20 Aprili 1971

Mdogo wangu,

Salamu. Nimechelewa kukujibu, najua umeungua moyo. Mimi mzima. Baba mzima wa mwili.

Telegramu ilifika Ijumaa, kijiji chote kikaisoma kabla yangu. Mwenye duka akaja nayo anacheka: "Hasibe, mdogo wako Ujerumani amekukataza kupika?" Nikasema labda ameota. Barua ikafika Jumamosi mchana, na ngano ilikuwa tayari imelowekwa, kondoo wawili wameshachinjwa, sufuria lipo uani juu ya mafiga. Fundi wa mjini hakuja.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikaenda kwa Baba, amekaa juani ukutani. Nikamtandikia kilemba cha Mama mapajani.

"Nini hiki?" akauliza.

"Kilemba cha Mama. Nimelifutia sufuria. Kimekuwa kijivu, Baba."

Alikipapasa. Hakuona rangi lakini alikipapasa kama anayesoma.

"Nermin anasema bati safi halichori," nikasema.

"Nermin mjuzi."

"Baba, ulitia risasi?"

Alikikunja kilemba mara mbili. Ndipo akasema: "Wakati wa vita bati lilipotea. Hata kwa dawa hulipati. Watu wanaleta sufuria nyekundu, wanalia, watoto wao wanatapika kwa sumu ya shaba. Nikatia robo ya risasi. Zikang'aa. Wakanishukuru."

"Na vita vilipokwisha?"

"Nikazoea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka macho yalipokwisha."

Miaka zaidi ya ishirini, Nermin. Kila nyumba. Kila sufuria, kila sinia, kila kikombe cha maziwa.

Nikamuuliza Mama alijua lini. Akasema baada ya mtoto wa tatu kati ya wale watano. Alimwona akiyeyusha. Hakumsemea kwa watu. Ila kila Baba alipomaliza kulipaka sufuria la shughuli, yeye aliingia ghalani na mchanga akalikwangua lote. Baba akalipaka tena, naye akalikwangua tena. Mwishowe Baba alimpiga. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Nilimpiga kwa koleo," na ndiyo siku bati la moto lilipommwagikia mguuni. Tuliambiwa ni ajali.

"Lakini sikujua kama inaua," akasema. "Hasibe, wallahi, nilidhani kidogo hakina neno. Watoto walikuwa wakifa kwa kila kitu. Surua. Kuhara. Nani ajuaye nani alikufa na nini?"

Nikaenda kulitoa sufuria mafigani. Lilikuwa zito, nikalisukuma likaviringika uani kwa kelele, watu wakaja mbio. Wakatuazima masufuria ya alumini ya kijiji cha pili, tukapika bokoboko kwa mafungu, halikuiva sawasawa.

Jumapili baada ya hitma, kabla watu hawajagusa mikate, Baba akasimama. Mimi nilikuwa sijamwambia asimame. Alishika bega la Imamu akasema yote. Robo ya risasi, miaka, majina ya nyumba moja moja. Hakuacha nyumba. Akasema hakujua kama inaua. Kisha akasema, "Mtu akifa, Imamu huwauliza, mnamwia radhi? Nyote husema tumemwia, kwa sababu hawezi tena kuwasikia. Mimi nauliza ningali nasikia. Mniwie radhi."

Nilisikia nzi kwenye nyama. Mwenye duka alinyanyuka akaenda zake, wanawe nyuma yake. Mmoja akatema mate njiani. Wakaanza kuondoka wawili wawili, watatu watatu, vijiko wameviacha.

Bi Sidika ndiye aliyebaki. Unajua wanawe wanne waliokufa, na yule Yakup aliyebaki ambaye mpaka leo, na ndevu zake, hawezi kuhesabu mpaka kumi. Alikuja mpaka mbele ya Baba. Nilidhani atampiga. Nilitaka ampige.

Akasema, "Fundi Dursun, yangu mimi nimekuwia radhi. Ya wanangu kawaombe wenyewe."

Kisha akamshika Yakup mkono, wakaenda.

Sauti ghalani? Bado. Jana asubuhi na leo asubuhi. Siogopi tena. Nafungua mlango, natoa mchanga, nafunga. Wekundu umepanda mpaka nusu.

Dada yako,
Hasibe

*

Kassel, 2 Mei 1971

Dada,

Uko salama? Naubusu mkono wako. Wa Baba, sijui. Nilianza kuandika kwamba naubusu, kalamu ikakataa. Usimsomee mstari huu.

Nimewaota wale watano. Sikuwahi kujua sura zao, wawili hawakupata hata majina, lakini katika ndoto wamekuwa wakubwa, wamekaa kwenye benchi la kubadilishia viatu pale kiwandani, wanasubiri kutolewa damu.

Bati nimelituma. Kilo nane. Halina hata chembe ya risasi, yule mzee Mgiriki amelijaribu kwa leso yake mwenyewe mbele yangu. Lipeni kazi.

Nitapata likizo Agosti.

Nermin

*

Karaören, 14 Juni 1971

Nermin, mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa mzee wako Mgiriki. Nakubusu macho. Huku joto limeanza, ngano imefika kiunoni. Mimi mzima, ila miguu imechubuka, utaona kwa nini.

Bati lilifika wiki tatu zilizopita. Nilitangaza msikitini kupitia kwa Imamu: anayetaka sufuria zake zikwanguliwe na kupakwa upya, alete. Siku nne hakuja mtu. Ya tano nikakuta sinia langoni, mwenyewe hayupo. Ya sita, masufuria kumi na moja. Wanayaacha alfajiri, hawabishi hodi, hawasalimu. Wakija kuchukua wanapitisha kitambaa cheupe ndani, wanakiangalia juani mbele yangu, ndipo wanabeba. Sawa. Ni haki yao.

Ninayepinda ni mimi. Mimi, mjane wa miaka thelathini na sita, peku ndani ya sufuria za watu, nimeshika ukuta, najizungusha kama bibi harusi. Baba anakaa karibu na moto ananielekeza kwa sauti: sasa lina joto, tia ule unga mweupe wa kushikisha bati, subiri moshi, sasa bati, sasa pamba, pangusa, upesi, usiache kipande. Yeye haoni, ananusa. Hajawahi kukosea.

Sufuria la shughuli tulilifanya la mwisho. Nilipoingia ndani na mchanga wangu sikuwa na kazi. Lilikuwa limeshakwanguliwa lote, mpaka mdomoni, jekundu kama jua la kuzama, hakuna hata uzi wa kijivu. Nikasimama humo tu nalia. Tulilipaka. Tangu siku ile ghala liko kimya. Mara nyingine alasiri nakaa uani nasikiliza, na nakwambia ukweli, natamani nisikie.

Sasa la Baba. Tangu Mei, kila asubuhi baada ya kunywa chai anachukua fimbo anakwenda makaburini. Nilidhani anakwenda kwa Mama. Siku za kwanza Yakup wa Bi Sidika alikuwa akimwongoza, kwa hiari yake, hakutumwa na mtu. Sasa anajua njia. Anarudi adhuhuri.

Leo nilimfuata. Niliogopa ataanguka kwenye mteremko. Nikasimama nyuma ya ukuta wa mawe.

Hakwenda kwa Mama. Alikwenda upande wa makaburi madogo, akapapasa mpaka akapata la mwanzo la watoto wa Bi Sidika. Akakaa chini. Akasema, "Mimi ni Dursun, fundi wa bati. Nimekuja kukuomba radhi." Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya mtu ukimnong'oneza. Muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, akainuka, akaenda la pili. Vilevile. "Mimi ni Dursun." Akasikiliza. Akaenda.

Kwenye la tatu alikaa zaidi. Hapakuwa na upepo, Nermin, nakuapia. Majani yalikuwa yamesimama. Lakini nilimwona anasogea karibu na jiwe, anaweka kiganja nyuma ya sikio, kama mtu aliyeulizwa swali na hakulisikia vizuri, anataka arudiwe.

Akarudiwa.

Niliona uso wake ulivyobadilika. Fimbo ilimdondoka. Na yeye aliyeniapia mimi wallahi, aliyesimama mbele ya kijiji kizima akasema hakujua kama inaua, akajibu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na mtoto:

"Ndiyo, mwanangu. Nilijua."

Dada yako,
Hasibe